Jirani Aliyeshika Dola kwa Bunduki

Mwanafunzi afunguaye ramani ya nchi zetu na kutazama upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria ataona jambo la kushangaza kidogo. Mpaka wa Tanzania na Uganda mahali pale haufuati mto wala safu ya milima. Ni mstari mnyoofu kana kwamba umepigwa kwa rula. Nao kweli ulipigwa kwa rula, maana Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi kwa mapatano ya mwaka 1890 walichagua digrii ya kwanza kusini ya ikweta, wala hawakuuliza ni nani akaaye pale. Mto Kagera nao wapita kusini ya mstari huo kabla ya kupinda kwenda kaskazini na kumwagika ziwani. Basi kati ya mstari na mto pamebaki kipande cha nchi, kilomita za mraba 1,800 hivi, kilicho mali ya Tanzania lakini kimetengwa na nchi yake kwa maji, na njia yake kubwa ni daraja la Kyaka. Katika mwaka 1978 kipande hicho kilileta vita.

Sisi tufundishao historia huulizwa kila mwaka swali lile lile: Je, Tanzania ilipigana na Idi Amin kwa ajili ya ardhi ile, au kwa ajili ya uadui wa siku nyingi? Wako wajibuo upesi kwamba ilikuwa ardhi tu. Mwivi aliingia nyumbani, mwenye nyumba akamfukuza. Wengine husema kwamba Mwalimu Nyerere hakumtaka Amin tangu siku ya kwanza, naye alikuwa akingoja sababu. Majibu yote mawili yana kweli ndani yake, wala hakuna lililo kamili. Kati ya siku Amin aliposhika dola na siku alipokimbia ilipita miaka minane, na katika miaka hiyo Tanzania ilijaribu karibu kila njia ambayo nchi yaweza kuijaribu juu ya jirani anayetawaliwa na askari: kumkataa, kumpindua kwa siri, kupatana naye, kumnyamazia, kumshitaki mbele ya wenzake, na mwisho kumpiga. Twapenda kuzifuata njia hizo moja moja, maana kila moja ilikuwa na gharama yake, na si kila gharama iliyolipwa na walioichagua.

Lakini kwanza yatupasa kurudi nyuma hata Januari 1964. Tarehe 20 ya mwezi huo, kabla hakujapambazuka, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya siku hizi, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini Dar es Salaam, wakadai mishahara mikubwa zaidi na maofisa Waafrika. Kabla juma halijaisha askari wa Jinja katika Uganda na wa Lanet katika Kenya wakaasi vivyo hivyo. Serikali zote tatu zilikuwa changa, na zote tatu zikalazimika kuwaita Waingereza, wale wale waliokuwa wameshusha bendera yao juzi tu, waje wazime moto. Kwa Tanganyika walitua tarehe 25 Januari. Hakuna serikali iliyopenda kulikumbuka jambo hilo, na Mwalimu Nyerere aliliona kuwa fedheha kubwa.

Nchi zilizopatwa na ugonjwa mmoja katika juma moja zilichagua dawa mbalimbali. Tanganyika ililivunja jeshi lote, na mwezi Septemba mwaka ule ule ikaanza jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake waliandikishwa hasa katika vijana wa chama cha TANU, wakafundishwa siasa pamoja na bunduki. Twaweza kubishana kama ni vema askari awe mtu wa chama. Lakini nia ilikuwa wazi, kwamba jeshi lisijione kuwa dola nyingine ndani ya dola. Uganda ilikwenda njia nyingine. Waasi waliongezewa mishahara, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo kwa haraka. Mmoja wa waliopanda alikuwa Idi Amin. Mei 1966 Milton Obote alipogombana na Kabaka Mutesa, ni Amin aliyetumwa kuupiga mzinga ulioelekezwa kwenye jumba la Mengo. Tangu siku hiyo Obote alitawala akiwa na jeshi mkononi, au tuseme alitawala akiwa mkononi mwa jeshi, na yeye hakuitambua tofauti hiyo mapema ya kutosha.

Hata ilipofika tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili baada ya Waingereza kutua Dar es Salaam, Amin akaipindua serikali. Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, ambako yeye, Nyerere na Kaunda wa Zambia walikuwa wakibishana vikali na Uingereza juu ya kuiuzia Afrika ya Kusini silaha. Akarudi njia ya Nairobi, na kutoka huko akafika Dar es Salaam akiwa hana nchi. Mwalimu akampokea kwa heshima ya Rais, na Serikali ya Tanzania ikatangaza kwamba haitaitambua serikali ya Amin. Uingereza iliitambua tarehe 5 Februari, siku kumi na moja tu baada ya mapinduzi. Upesi huo uliwatia shaka watu wengi wa Dar es Salaam, nasi hatuwalaumu kwa kuona shaka.

Hapa yatupasa tuseme neno ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita upesi. Siku zile watu wengi wa Kampala, na hasa Waganda, walicheza ngoma barabarani. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameona wafalme wao wakiondolewa na wakubwa wao wakifungwa bila hukumu, na Amin aliahidi kuwafungua waliofungwa, akawafungua. Kisha akaurudisha kutoka Uingereza mwili wa Kabaka Mutesa, aliyefia London mwaka 1969, ukazikwa kwa heshima nyumbani. Basi Tanzania iliikataa serikali ambayo wenyeji wengi waliipokea kwa shangwe, ikamshika mkono mtu ambaye wenyeji hao hawakumtaka tena. Baadaye ilionekana kwamba Tanzania iliona mbali kuliko wale waliocheza ngoma. Lakini mwezi wa Februari 1971 hakuna aliyeweza kulijua hilo kwa hakika. Kilichojulikana ni kwamba askari amechukua dola kwa bunduki, na kwamba aliyepinduliwa alikuwa rafiki. Sababu hizo mbili zilikwenda pamoja, na ni vigumu kusema ipi iliyotangulia. Hata Burundi, jirani yetu mwingine, ilitawaliwa na askari, Kapteni Micombero, tangu 1966. Na katika mwaka 1972 waliuawa huko watu wengi sana. Walakini Tanzania haikukataa kuitambua serikali yake. Twalitaja jambo hili kwa kuwa mwanafunzi mwenye akili atalitaja hata tukinyamaza.

Kumkataa jirani ni rahisi kwa maneno, tena ni kazi ngumu kwa vitendo, hasa mkiwa mnachota maji kisima kimoja. Kisima kile kilikuwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala Juni 1967, makao yake Arusha. Reli, bandari, posta, simu na ndege za nchi tatu zilikuwa chini ya mashirika mamoja, na juu ya yote palikuwa na Mamlaka ya Marais watatu. Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin. Kwa hiyo Mamlaka hayo hayakukutana tena tangu mapinduzi hata Jumuiya ilipokufa mwaka 1977. Mambo yaliyohitaji sahihi tatu yalipelekwa kwa barua, kutoka mji mkuu mmoja hata mwingine. Mhasibu wa reli katika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam aliendelea kupeleka hesabu zake kama kawaida, huku wakubwa wake hawasalimiani. Tukiwaza jinsi mashirika yale yalivyoendelea kufanya kazi kwa miaka sita katika hali hiyo, twawastahi makarani wake kuliko tunavyowastahi wengi waliokuwa juu yao.

Njia ya pili, ile ya siri, ndiyo iliyoleta aibu. Wafuasi wa Obote waliokimbilia Tanzania walikusanywa na kufundishwa vita, na tarehe 17 Septemba 1972 zaidi ya watu elfu moja wakavuka mpaka, kikosi kimoja kikielekea Masaka, kingine Mbarara. Palikuwa na shauri la kupeleka wapiganaji wengine Entebbe kwa ndege iliyochukuliwa kwa siri katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Lakini ndege ile ilipotua Kilimanjaro magurudumu yakapasuka, na shauri likaishia pale. Wale waliokwenda kwa miguu walidhani kwamba wenyeji watainuka pamoja nao. Hawakuinuka. Vikosi vyote viwili vilishindwa, wengi wakauawa, wengine wakakamatwa. Ndege za Amin zikaja kutupa mabomu Bukoba na Mwanza, na Libya ikampelekea Amin askari.

Aliyeokoa hali ile alikuwa Rais Siad Barre wa Somalia, ambaye, wasomaji wataona, naye alikuwa askari aliyeshika dola kwa mapinduzi. Mwezi Oktoba 1972 wajumbe wa pande mbili walikutana Mogadishu, wakapatana kwamba kila nchi irudishe majeshi yake kilomita kumi nyuma ya mpaka, wala isiruhusu nchi yake itumiwe na watu watakao kuipindua serikali ya mwenzake. Wapiganaji wa Obote wakapelekwa mbali na mpaka, mkoani Tabora, wakawa wakulima. Obote mwenyewe akabaki Dar es Salaam. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa miaka tisa, na jembe walipewa wafuasi wake.

Sisi twaona kwamba shambulio lile la 1972 ndilo kosa kubwa la Tanzania katika habari hii yote. Halikumwondoa Amin, bali lilimpa sababu. Juma lile lile watu wake walimtoa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, ndani ya jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, asirudi tena. Alikuwa adui wa Obote tangu zamani, na Obote ndiye aliyemfunga gerezani. Walakini katika siku za hofu ile Amin hakuhitaji ushahidi. Kila aliyetoka Lango au Acholi, kila aliyesoma, kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka, aliweza kuitwa mtu wa Obote. Walioamua kupeleka kikosi kile walikuwa Dar es Salaam. Waliolipa walikuwa Mbarara na Masaka. Hatusemi kwamba Amin hangeua bila hilo, kwa maana alikuwa amekwisha kuanza kuua ndani ya kambi za jeshi tangu 1971. Twasema tu kwamba asaidiaye uasi usiofaulu hawezi kunawa mikono na kusema hakuhusika na yaliyofuata.

Kutoka hapo ikaja miaka ya kupatana na kunyamaza. Mei 1973, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie aliwapatanisha Nyerere na Amin. Mapatano hayo hayakuwa urafiki. Tanzania haikubadili moyo wake, lakini haikuwa na njia nyingine. Mkataba wa Umoja, uliotiwa sahihi mwaka 1963, ulikataza nchi yo yote kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Tena mkutano wa Cairo wa Julai 1964 uliamua kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na aliyelitoa shauri hilo mkutanoni alikuwa Nyerere mwenyewe. Mtu aliyewafundisha wenziwe kuheshimu mipaka hawezi kuivuka kwa wepesi. Wala nchi nyingine hazikuwa na haraka. Kenya, ambayo bandari yake ya Mombasa ndiyo mlango wa Uganda, iliendelea kufanya biashara. Na mafuta, chumvi na sabuni vilipanda Kampala kama kawaida. Kenya yenyewe ilishituka mwaka 1976 tu, Amin alipodai sehemu ya nchi yake ya magharibi.

Hata mwaka 1975 Tanzania ikapata sauti yake. Mkutano wa Umoja wa mwaka ule ulitakiwa kufanyika Kampala, na kwa desturi mwenye nyumba huwa mwenyekiti kwa mwaka mzima. Tanzania ikakataa kwenda, na pamoja nayo Zambia na Botswana. Serikali ikatoa maelezo marefu, nayo, kwa maoni yetu, ni maelezo yenye nguvu kuliko yote iliyopata kuyatoa juu ya Uganda, kwa sababu safari hii Obote hakuwamo. Maana yake ilikuwa hii: Waafrika huungana kila mwaka kuwalaani Makaburu kwa kuwaua na kuwafunga watu weusi wa Afrika ya Kusini, je, Mwafrika aliyeuawa na serikali ya Waafrika ni nafuu kwake? Umoja usiosema neno juu yake waonekana kuwa umoja wa wakubwa, wakilindana. Hoja hiyo haikuhitaji kujua ni nani aliyekuwa Rais zamani au ni nani awe Rais kesho. Ilimtazama aliyeuawa. Mwaka 1971 Tanzania ilisema serikali ya Amin si halali kwa jinsi ilivyoingia. Mwaka 1975 ilisema si halali kwa jinsi inavyotenda. Hizo ni hoja mbili, na ya pili ndiyo iliyo nzito zaidi, maana ya kwanza ingewagusa marafiki wengi wa Tanzania walioingia kwa njia ile ile. Viongozi wengi walikwenda Kampala hata hivyo, wakamfanya Amin mwenyekiti wao.

Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa amethubutu pamoja na maaskofu wenzake kuandika barua ya kuyalalamikia mauaji, alikamatwa pamoja na mawaziri wawili. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya motokaa. Hapakuwa na mtu aliyeamini. Wakimbizi waliokuwa wakivuka mpaka wakaongezeka. Mwezi huo huo Kenya na Tanzania zikagombana juu ya mali za Jumuiya, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na katika mwaka ule Jumuiya ikavunjika. Kisima kilikuwa kimekauka. Hapakubaki tena hata karani wa kupeleka barua kati ya Kampala na Dar es Salaam.

Mwaka 1978 jeshi la Amin lilianza kugombana lenyewe kwa lenyewe. Katika vikosi vya kusini palikuwa na maasi, na yasemekana baadhi ya waasi walikimbilia upande wa Tanzania. Mwezi Oktoba vikaanza vishindo vya mpakani, na tarehe 30 Oktoba majeshi ya Uganda yakavuka mstari ule wa rula kwa maelfu, yakaiteka nchi yote hata ukingo wa Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi hiyo sasa ni ya Uganda na mpaka ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Yaliyotendeka kaskazini ya mto hatutaki kuyaeleza kwa urefu. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, wanawake wakatendwa vibaya, na raia waliouawa wakadiriwa kuwa 1,500 hivi. Hao hawakuwa wameamua neno lo lote katika miaka yote minane tuliyoisimulia. Kosa lao lilikuwa kukaa kati ya mto na mstari.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo, na uwezo upo. Maneno hayo kila mtoto wa shule ayajua. Jambo lisilojulikana sana ni jibu la Afrika. Umoja wa Nchi Huru, ambao mwenyekiti wake mwaka ule alikuwa Rais Nimeiri wa Sudan, ulitaka pande mbili zipatanishwe, kana kwamba ni majirani wawili wagombanao juu ya kuku. Tanzania ikajibu kwamba kwanza mvamizi alaaniwe, atoke, alipe, na aache kabisa madai yake juu ya nchi ya watu. Amin kwa upande wake alitoa hata shauri kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni. Mwisho wa mwaka majeshi yake yalikuwa yamesukumwa nje, na Januari 1979 Watanzania wakauteka Mutukula, mji wa mpakani.

Basi hapo ndipo swali lenyewe. Nchi imekwisha kukombolewa. Je, tusimame Mutukula, au tuendelee? Kama vita ni vya ardhi, basi vimekwisha. Tukisimama, Amin atabaki na mizinga yake kwenye vilima vilivyo juu ya mpaka, na vijiji vya Missenyi vitalala kila usiku vikimngoja. Tukiendelea, tutakuwa tumelivunja sharti tulilolitetea Cairo. Serikali ilijibu kwa kusema kwamba vita ni viwili: kimoja ni cha Tanzania, kulinda nchi yake, cha pili ni cha Waganda wenyewe, kumwondoa dhalimu wao. Twakiri kwamba maelezo hayo yana kasoro, maana vita hivyo viwili vilipita barabara moja, na mizinga iliyofungua njia ilikuwa ya Tanzania karibu yote. Walakini hatuoni kwamba yalikuwa uongo mtupu. Wapiganaji wa Uganda walikuwamo, na safari hii, tofauti na 1972, wenyeji waliwapokea. Masaka na Mbarara ilitekwa mwishoni mwa Februari. Libya ikaleta askari wake tena, wakapigana Lukaya tarehe 10 na 11 Machi, mwanzoni wakashinda, kisha wakashindwa. Gaddafi akatuma neno kwamba Tanzania itoke katika Uganda kwa muda wa saa ishirini na nne, haikutoka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Julai mwaka ule wakubwa wa Afrika walikutana Monrovia, na Tanzania ikashitakiwa na Nimeiri na Obasanjo wa Nigeria kwa kuipindua serikali ya nchi nyingine. Washitaki hao wawili walikuwa majenerali. Aliyeitetea alikuwa Rais mpya wa Uganda, Binaisa, akiwaambia kwamba neno la kutoingilia mambo ya ndani lisiwe pazia la kufunika mauaji. Watu waliokufa Uganda katika siku za Amin wakadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 300,000, na wako wanaozidisha. Umoja ule haukupata kuwahesabu.

Gharama ya vita kwa Tanzania yasemwa kuwa karibu dola za Marekani milioni 500, nayo haikuwa nchi tajiri. Wananchi wakaambiwa wakaze mikanda kwa miezi kumi na minane, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni za sabuni na sukari zilizoizidi sana miezi hiyo. Makaburi ya askari yako Kaboya, wilaya ya Muleba, yamepangwa kwa safu. Pale Kyaka magofu ya kanisa lililobomolewa kwa mizinga yangali yamesimama juu ya kilima.

Lakini jambo ambalo Tanzania haikulifikiri vya kutosha lilikuwa nani atatawala. Mwezi Machi 1979, Kampala haijaanguka bado, wakimbizi wa Uganda wa vyama vingi walikutanishwa Moshi, wakafanya umoja, wakamchagua Profesa Yusuf Lule. Obote hakwenda Moshi. Mwalimu mwenyewe alimshauri asiende, na hilo lilikuwa shauri la busara. Lule akaapishwa Aprili, akaondolewa Juni baada ya siku 68. Binaisa akaingia, naye akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi. Mwezi huo huo Obote akarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, na Desemba ukafanyika uchaguzi ambao chama chake kilitangazwa kuwa kimeshinda. Waliosema kwamba kura ziliibiwa walikuwa wengi, na mmoja wao, Yoweri Museveni, akaenda msituni. Jeshi la Tanzania lililokuwa likilinda amani katika nchi ile likarudi nyumbani mwaka 1981. Katika Luwero, kaskazini ya Kampala, vita ya Obote na watu wa msituni iliua raia wengi sana, na waliouawa humo hawakuona tofauti kubwa kati ya zamani na sasa. Yule ambaye mwaka 1971 aliitwa Rais halali alikuwa sasa akitawala kwa jeshi, kama alivyotawala kabla ya kupinduliwa. Miaka tisa ya ugeni Dar es Salaam haikumfundisha neno hilo, wala wenyeji wake hawakumlazimisha kujifunza.

Tarehe 27 Julai 1985 jeshi likampindua tena. Aliyekabidhiwa dola alikuwa Jenerali Tito Okello, mmoja wa makamanda waliokaa Tanzania katika miaka ya ukimbizi na kurudi pamoja na majeshi yake mwaka 1979. Mwalimu Nyerere alikuwa amebakiza miezi mitatu na siku chache katika Urais. Obote safari hii hakukimbilia Dar es Salaam. Alipita Kenya, akaenda kukaa Zambia, akaishi huko karibu miaka ishirini, akafia Johannesburg Oktoba 2005.